Paa la Kanisa Lililohama

Syombua wa Kavata hakuwa mtu wa kushindwa na hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini alifanya kazi katika kituo kidogo cha rada ya mvua karibu na Malili. Kabla rada haijaaminiwa kutazama mawingu, ilibidi kwanza ijaribiwe kwa milima. Basi Syombua alikokotoa kwa kompyuta picha ya vilima vya Kilungu jinsi rada ilivyopaswa kuviona, kisha akailinganisha na umbali ambao rada yenyewe ilipima.

Vilima vilikaa sawa. Kilichokataa ni paa la mabati la kanisa la kwao. Rada ililiweka karibu kilomita moja kupita pale alipoliweka yeye. Akisogeza picha kanisa likae, vilima vinatoka. Akirudisha vilima, kanisa linatoka. Blanketi fupi hilo, ukifunika kichwa miguu inabaki nje. Mkuu wake, Bwana Kiema, akamwambia wazi kwamba picha isipolingana kufikia Jumatatu, kazi itapewa mtu wa Nairobi. Syombua aliumia, maana kazi ile aliipenda.

Jumamosi akachukua ramani akapanda Kilungu. Mahali pa kanisa akakuta mbaazi zimechanua.

Mamake, Kavata, alimcheka hadi akakaa chini. Kanisa lilikuwa limehama kabla ya mvua za vuli. Ukuta ulipasuka, basi wanawake wa mwethya, kikundi cha kijiji cha kusaidiana kazi, wakafungua mabati, wakajitwika wakiimba, wakalijenga upya kwenye kilima cha pili. Siku hiyo walikunywa chai ya sukari aliyotuma Syombua mwenyewe. Alikuwa ameambiwa tu kuna mwethya, naye, kama watoto wengi walio kazini, akatuma bila kuuliza ni wa nini. Krismasi pia hakuja.

"Mashine yenu imeona kanisa kutoka huko Malili," Kavata akasema. "Wewe ulikuwa unaangalia wapi, mwanangu?"

Syombua alicheka, ila neno lilimchoma. Akalala huko, na Jumapili akaimba chini ya mabati yale yale.

Jumatatu alilihamisha kanisa kwenye hesabu zake, na picha mbili zikalaliana bila kubishana. Bwana Kiema akafurahi, akauliza kosa lilikuwa la mashine au la kompyuta. Syombua akajibu kwamba vyote viwili vilikuwa vizima. Ni yeye aliyekaa karibu mwaka bila kukanyaga kwao, na Jumamosi ijayo anaenda tena.