Gunzi Ndani ya Udongo

Mwanangu, nakumbuka siku moja, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipomkana senge wangu, yaani shangazi, mbele ya wageni waliovaa suti. Hadi leo naona haya, na hadi leo nashukuru.

Nilikuwa mwalimu kijana wa biolojia mjini Kakamega, nikiomba nafasi ya kurudi chuo kikuu. Wahadhiri walikuja kutuhoji, nami nikachagua kueleza seli za hamira, hii hii ya mandazi. Ndani yake mna mashine za kukatakata protini zilizochakaa. Kiini cha kila mashine hujengwa kwa nusu mbili, na kuna protini ndogo inayozisaidia kuungana sawasawa. Zikishaungana, meno ya mashine hufunguka, na wa kwanza kuliwa ni yule msaidizi, maana amefungiwa humo. Habari hiyo ilikuwa mpya, nami nilijiona mjuzi kweli.

Nilitaka mfano wa udongo, nikaenda kuufinyanga kijijini kwa senge. Nusu zangu zikabomoka mara tatu. Senge, aliyekuwa mfinyanzi kule Iguhu, akacheka.

"Mwalimu, hiyo plotini yako imelewa?"

Akafinyanga zake, akatia gunzi la mahindi katikati lizishike, akachoma. Gunzi likaungua humo ndani, mfano ukasimama imara. Akanisindikiza mjini akiwa ameupakata.

Mhadhiri mmoja akauliza ni nani aliyeutengeneza. Nikajibu, "Mimi mwenyewe." Senge alikuwa ameketi karibu na mlango.

Tulipotoka nje aliniambia polepole, "Gunzi iliungua, sawa, hiyo ndio kazi yake. Lakini mimi niko hapa. Mbona unanizika?"

Machozi yalinitoka. Nikamshika mkono tukarudi ndani, nikasema nimedanganya, fundi ni huyu. Nilijua naweza kuikosa nafasi. Wakamwuliza alivyofanya, naye akaeleza kwa raha zake hadi chai yao ikapoa. Nafasi nilipewa, lakini hata ningeikosa ningemshukuru kwa kunigombeza.

Basi sikia, mwanangu. Aliyekushika kabla hujasimama, mtaje kwa jina, mtaje mbele ya wale unaotaka wakusifu. Usingoje matanga, mtaje akiwa anasikia. Wangu aliitwa Rasoa.

Mungu akupe watu wa kukushika, akupe na ulimi usioona aibu kuwataja. Amina.