Mwandiko wa Wifi

Jina lake la mtaani ni Sindano. Ni kwa sababu ya ulimi, ingawa kwa bahati ni fundi cherehani pia. Yeye na wenzake wanne ndio waliosambaza kipeperushi kwamba kiwanda cha betri kinamwaga maji yenye sumu mtaroni. Kiwanda kikawashtaki kwa kukichafulia jina. Miaka miwili ya kesi, na miezi mitatu iliyopita wakashinda. Tuliwabeba juujuu kutoka mahakamani, mimi mwenyewe bega liliniuma wiki nzima.

Wenzake walirudi kwa familia zao. Sindano alirudi kwenye nyumba anayoishi na wifi yake, mjane wa kaka yake, akakuta mlango wa chumba cha wifi umefungwa kwa ndani.

Wifi alikuwa karani wa zamu pale kiwandani. Kila maji yalipofunguliwa aliandika siku na saa, kisha kwa mazoea ya ukarani akasaini chini ya ukurasa. Daftari hilo alimpa Sindano kwa siri, na ndilo lililowashindia kesi. Kabla ya kulipeleka kwa wakili, Sindano alizikata saini zote kwa mkasi, taratibu, kwa unadhifu wa mtu anayekata kola. Akaona wifi yuko salama. Hakukumbuka ratiba ya zamu inayobandikwa getini kila Jumatatu, iliyoandikwa kwa mkono uleule, herufi zilezile zenye mikia mirefu. Meneja alilitazama daftari mara moja tu. Wifi alifukuzwa hata kabla ya hukumu.

Sasa Sindano anapika chakula cha wawili na kula peke yake. Akigonga na kusema, "Wifi, chai ipo," hajibiwi. Barabarani watu wanampongeza, naye anaitikia huku machozi yakimlengalenga. Upweke umemkondesha mashavu.

"Ningelinakili daftari lote kwa mkono wangu," aliniambia. "Kurasa sitini tu! Uvivu gani ule?"



Juzi nilikuwa dukani kwake nikisubiri suruali yangu ipunguzwe, wifi akaingia na koti la kiwandani mkononi. Sindano aliruka hadi pini zikamwagika.

"Wifi! Karibu, karibu kiti."

Wifi hakukaa. Alilitandaza koti mezani. "Nembo hii itoke. Nimepata kazi ya usafi, wanataka koti lisilo na jina la kampuni."

"Wifi yangu, nisamehe. Wallahi nilidhani nimekuficha."

Wifi alilainisha kola kwa kiganja. Hakuonyesha hasira hata chembe, na hapo ndipo nilipomwonea Sindano huruma.

"Litakuwa tayari lini, fundi?"

Miaka kumi na minne nyumba moja, hajawahi kumwita hivyo.

"Kesho," alisema Sindano, akalivuta koti na kuanza kufumua.