Nilimwambia Ndugu Yangu Asimwandike Riziki

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa, kwa sababu mtu akiliacha jambo kama hili mpaka mwisho huanza kujitetea njiani, na mimi nimejitetea miaka sita. Nimekuwa wakili wangu mwenyewe, tena wakili hodari kweli! Leo nimemfukuza kazi.

Jina langu halitakusaidia kitu. Ni mama wa hapa Kasongo, nauza mchele na mawese sokoni. Ukipita asubuhi utanikuta nimekaa nyuma ya mabeseni yangu nikitoa ushauri. Ndiyo, ushauri! Mimi ambaye safari yangu ndefu kuliko zote iliishia Kindu, nikarudi na malaria, ndiye ofisi kuu ya watu wote wa hapa wenye jamaa wanaokwenda Kanada.

Wananijia na maswali, nami najibu kwa sauti ya mtu aliyeshuka kwenye ndege jana. Ile karatasi inayosema wewe ni mkaaji wa kudumu, ishike mkononi, usiitie sandukuni. Majina ya watoto yafanane kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi. Koti usinunue hapa, koti la Kasongo kule ni shati. Sombe, yaani kisamvu, ibebe iliyokauka, mbichi watakunyang'anya. Ukifika, usiogope wanapokuuliza mambo yaleyale mara nne, ndiyo kazi yao.

Haya yote niliyapata kwa mdogo wangu, aliyefika kule na familia yake. Swali moja tu nililijibu kwa akili yangu mwenyewe. Ndilo lililomharibia mtoto maisha.

Nianze na huyo mtoto. Mimi sikujaliwa kuzaa. Mume alivumilia, alivumilia, mwishowe akaenda kuvumilia kwa mwanamke mwingine. Mdogo wangu alipoona nimebaki peke yangu na masufuria, akafanya kama wafanyavyo kwetu. Alikuja na mkewe kutoka Salamabila, alikokuwa akiwauzia wachimba dhahabu makoleo na mabuti. Walileta kuku wawili, kitenge, na binti yao wa kwanza, Riziki, aliyekuwa na miaka mitatu. Akaniita dada mkubwa kwa lugha yetu, akaniambia mbele ya watu, "Yaya, huyu njo mutoto yako."

Watu wakapiga vigelegele. Mama yake akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, nami nikajifanya sikuona. Kwetu hilo si ajabu. Mtoto wa ndugu yako ni wako, na shangazi asiye na mtoto hupewa. Hakuna aliyeandika karatasi. Karatasi ya nini?

Miaka miwili baadaye bunduki zikalia huko Salamabila. Mdogo wangu akakimbia na mkewe, mtoto wa mgongoni na mimba. Wakatembea, wakapanda pikipiki, wakatembea tena, wakavuka ziwa na kuingia kambini Tanzania. Kuja Kasongo kumchukua Riziki hawakuweza, njia ilikuwa imefungwa. Nilimshukuru Mungu kwamba mtoto yuko salama kwangu. Nikashukuru pia, kimoyomoyo, kwamba njia imefungwa. Hilo sikumwambia mtu.

Walikaa kambini miaka sita. Halafu siku moja simu ikalia, nikaenda kusimama kwenye ile kona ya soko ambapo mtandao unakamata. Mdogo wangu alikuwa akihema.

"Yaya, tumeitwa! Dosiye yetu, ile faili, inaenda Kanada. Lakini banauliza batoto yote, hata wenye habako hapa na sisi. Niseme tatu?"

Hebu niambie, swali hilo lina ugumu gani? Ana watoto watatu. Hata beseni langu la mchele lingejibu. Lakini mimi nilimwona Riziki akipanda ndege, nikajiona nimekaa peke yangu mezani, na akili yangu kubwa ikaanza kazi.

"Riziki iko mutoto ya nani?" nikamuuliza.

"Yaya..." akaanza.

"Nimekuuliza. Ulinipa ao haukunipa?"

"Nilikupa, Yaya."

"Basi iko ya kwangu. Sema mbili."

Alijikuna kichwa, nilisikia kabisa kwenye simu. Akasema wale wa ofisi wamewaonya wasifiche mtu. Nikamwambia hapa hakuna kuficha, ni mila, na mila wazungu wanaiheshimu sana. Nani aliniambia wazungu wanaheshimu mila? Hakuna! Lakini mimi ni dada mkubwa, nilimlea tangu mama yetu alipofariki, na kwetu mdogo hambishii mkubwa kwenye simu. Akasema wawili.

Mungu hakuniacha bila kunipa nafasi nyingine, wala siwezi kusingizia kwamba sikuipata. Baada ya wiki chache akapiga tena, safari hii ana hofu.

"Yaya, kuko shida. Kambini bote banamuita muke yangu Mama Riziki. Mutu wa ofisi amesikia. Ameuliza Riziki njo nani."

Mama wee! Mtu mwingine angesema: jamani, mlango umejifungua wenyewe, pita! Mimi nikafikiri kidogo tu, nikampa jibu zuri sana. "Sema ni jina ya bibi yake aliyekufa. Kwetu tunaita vile, kwa heshima."

Wifi yangu alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni mumewe alipolisema neno hilo. Mwanamke anaitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza tangu alipojifungua, anasikia mumewe akisema hakuna mtoto wa jina hilo. Alitazama chini. Alidhani mumewe ana sababu, na mumewe alimwambia ameamua yeye mwenyewe. Hakunitaja. Miaka yote hakunitaja kwa mtu yeyote.

Mara ya mwisho ilikuwa siku moja kabla ya ndege. Walikuwa wamefundishwa maisha ya kule: basi, shule, jiko la umeme, nani wa kumpigia simu nyumba ikiungua. Na mwalimu wao akawaambia jambo moja akilirudia: mkishuka, kuna mtu atawauliza kama kuna mtoto yeyote, popote alipo, ambaye hayumo kwenye karatasi. Semeni hapo. Baada ya hapo mlango unafungwa.

Mdogo wangu alinieleza yote hayo kwa haraka, kisha akasema, "Yaya, mi nataka kumusema."

Nikamwambia, "Ukibadilisha maneno sasa watawarudisha wote kambini. Kuna mtu wa Nyangwe walimfanyia hivyohivyo, na watoto wake wanne!"

Mtu huyo hayupo. Hajawahi kuwapo! Mimi niliyeshindwa kuzaa kwa tumbo nilimzaa huyo kwa mdomo, palepale kwenye kona ya soko, nikampa na watoto wanne, wakati mtoto mmoja halisi alikuwa shuleni akijifunza hesabu bila kujua kwamba shangazi yake anamtoa kwenye jumla.

Wakashuka. Wakaulizwa. Wakasema hapana.

Mwanzoni nilistarehe. Picha zikaja: theluji, viatu vizito, wadogo zake Riziki wamebeba mabegi ya shule. Nilimwonyesha kila picha. Alikuwa akizipanua kwa vidole aone vizuri meno ya mdogo wake aliyezaliwa kambini, ambaye hajamwona hata siku moja. Akiniuliza atakwenda lini, nilimjibu kwa ule utaalamu wangu: "Mambo ya makaratasi, mwanangu. Yanaenda polepole." Wala sikuona haya.

Yeye hakukaa bure. Alijifunza Kifaransa vizuri kuliko walimu wengine, akawa anajiandikia kwenye daftari maswali ya kumuuliza baba yake. Shule inaanza saa ngapi? Nitalala chumba kimoja na nani? Mama anapika bugali kwa unga gani? Daftari lilijaa, akanunua jingine.

Mwaka jana wazazi wake wakaenda ofisini kuomba aletwe. Alikuwa na miaka kumi na sita. Watu wa ofisi wakafungua faili lao, wakasoma: watoto wawili. Wakawaambia mtoto ambaye hakutajwa mpaka siku ya kuingia hawezi kuletwa kama mtoto wao. Hawakuwafokea, hawakuwatukana. Walisoma tu kilichoandikwa, na kilichoandikwa ni maneno yangu.

Wifi yangu alituma ujumbe wa sauti. Simu yangu hushikwa na Riziki, yeye ndiye anayejua kuitumia. Alikuwa amesimama mlangoni akausikiliza wote, mama yake akilia na kusema hawakumwandika, wamekataliwa, amsamehe baba yake.

Akaniuliza, "Mama, papa alinikatala?"

Na mimi, ninyi mnaosoma, mimi niliyekuwa na jibu la kila mtu sokoni, nilisema: "Mambo ya wazungu hayo. Usimchukie baba yako."

Usimchukie! Nikajifanya mwenye huruma juu yake! Mpaka leo nikikumbuka sentensi hiyo natamani kujipiga kofi.

Alimchukia, bila shaka. Alifuta picha zote. Akamtumia baba yake neno moja, "Musiniite tena", akaacha kupokea simu. Alikonda. Madaftari yake mawili aliyawashia jiko moja baada ya jingine, nami nikapika chai juu ya moto huo kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Mdogo wangu kule anajua ukweli, anaweza kujitakasa kwa dakika moja, na ananyamaza. Miezi mitatu alinyamaza. Kisha akanipigia.

"Yaya, mi siwezi kukusemea. Ulinilea. Lakini mutoto anakufa moyo. Sema weye mwenyewe."

Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Nilimwambia Riziki siku ya Jumamosi, tukiwa uani tunachambua mawe kwenye mchele. Nilitaka kuanza na mila, nikaona hapana, mila haina kosa. Mila ilinipa mtoto nimlee. Haikunituma kumficha. Kwa hiyo nikasema tu. Nikasema baba yake aliniuliza, na mimi nikamkataza. Nikamtaja na yule mtu wa Nyangwe asiyekuwapo.

Hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua.

"Aliuliza mara ngapi?"

"Tatu."

"Na mara ya tatu ulijua njo ya mwisho?"

"Nilijua."

"Sababu gani, Mama?"

Nikamwambia ukweli: nilitaka asiondoke. Nilimpenda, na niliogopa kula peke yangu. Akaumaliza mchele, akanawa mikono. Baada ya siku nne akapanda pikipiki kwenda Wamaza kwa mama mzaa mama yake. Aliondoka na begi moja. Kitenge nilichokuwa nimemwekea kwa siku ya safari alikiacha kitandani, kimekunjwa vizuri.

Sasa anaongea na baba yake kila Jumapili. Na mimi ananisalimia akipata mtu wa kumtuma: "Musalimie Shangazi." Ndilo jina langu halisi.

Kule wamempata mwanasheria. Anasema kuna mlango mdogo, wa kuomba huruma, usio na uhakika, na mtoto anakaribia umri ambao hata huo utafungwa. Anataka barua ya mtu aliyewashauri waufiche ukweli. Nimeiandika, jina langu lote lipo, na mwalimu mmoja wa hapa aliitia kwenye Kifaransa huku akinitazama juu ya miwani. Mwambieni huyo mwanasheria aitangaze, nimechoka kuogopa. Wateja wa ushauri wamepungua, na waliobaki nawaambia jambo moja kabla ya yote.

Andikeni watoto wote. Yule anayeishi kwa bibi, yule uliyempa dada yako, yule uliyezaa kabla ya ndoa na hutaki mkeo amjue, yule ambaye hujamwona tangu vita. Anayeuliza kule haulizi nani anampikia, anauliza nani alimzaa. Msiniulize mimi wala mtu mwingine yeyote wa sokoni. Mwulizeni yeye aliyewaletea fomu, mumwambie mambo yote, hata yanayotia aibu.

Na wewe shangazi mwenzangu, au bibi, unayelea mtoto wa mwenzako na kumpenda kuliko macho yako. Simu itakuja. Watakuuliza kama wamwandike. Sema "mwandikeni", kata simu, kisha kaa chini ulie mpaka uishiwe. Kulia kwenyewe si kitu, kunakwisha.

Mimi siku ile sikulia hata kidogo. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikanunua samaki wa mto Lualaba, nikampikia Riziki wali, na alipouliza leo kuna sikukuu gani, nikamwambia ale tu.