Themanini na Mbili za Mama Agripina

Naanza kwa kukiri ili mcheke mapema tumalizane: mie Hamisi, muuza vinyago wa Mwenge, mtu ambaye hajawahi kuuziwa mti mweupe uliopakwa kiwi ya viatu akaambiwa ni mpingo, niliwahi kupigiwa makofi na chumba kizima kwa akili ambazo hazikuwa zangu, na nikayapokea.

Ulikuwa mtihani wa kuingia chuo kimoja kule Mikocheni. Enzi za karatasi nilishaufanya mara moja, nikafeli kistaarabu. Safari hii wakasema karatasi basi, sasa ni kompyuta. Nilitaka kusomea kuongoza watalii, maana miaka kumi na moja (nimehesabu mara mbili, ni kumi na moja) nawauzia wageni twiga wa mti na sijawahi kumwona twiga akitembea.

Tukaingizwa kwenye chumba chenye baridi tamu, mashine zinanguruma kwa chini kama nyuki waliolala, na kila skrini ina mwanga wa buluu, ukiangalia kwa macho ya kusinzia unaona vidimbwi vya maji vimepangwa mistari. Msimamizi, kaka mwembamba wa miwani, alikuwa mbele anatoa maelekezo. Mie nilikuwa nahesabu mashine. Mara ya kwanza nikapata arobaini, ya pili arobaini na moja, ikabidi nirudie, na nilipomaliza kaka yule alishamaliza pia na yuko mlangoni anakusanya simu. Alichosema nilikuja kukijua baadaye, kwa gharama.

Kiti changu kilikuwa nyuma ya mlango, kinatazama ukuta. Pale dirishani, kwenye mwanga, palikaa mama mmoja wa makamo, amejifunga kitenge mabegani, kiyoyozi kinampuliza utosini. Nikaona biashara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hiki kibaridi kitakuua kabla ya swali la kumi. Kule kwangu kuna joto zuri. Tubadilishane."

"Mie nimekuja kutafuta cheti, sijaja kutafuta kiti," akasema, kwa ile lafudhi ya Bukoba isiyo na haraka. Akanieleza kwamba anaitwa Mama Agripina, anafundisha chekechea Buguruni mwaka wa kumi na tano bila cheti, na mwenye shule kamwandikia barua: asipoingia chuo muhula huu, darasa lake anapewa mwingine.

Nikampa pole, nikaondoka hatua mbili (mteja humwachi, unamwacha afikirie), na kweli akapiga chafya, akaniita. "Haya, njoo. Lakini hapa juu ya skrini pameandikwa jina langu, Agripina. Haina neno?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Mie kwenye karatasi nilikuwaga naandika jina mwisho kabisa, nikishahesabu majibu mara mbili. Karatasi haina mwenyewe mpaka uiandike. Basi nikamjibu kwa sauti ya mtaalamu: "Hayo majina ni ya kupambia tu, mama. Jina lako utaandika mwishoni."

Akaniamini, akahama.

Jamani, lile dirisha. Nje kulikuwa na mti wa mkungu unadondosha majani mekundu moja moja, jani linashuka polepole kama limesahau linakwenda wapi, na mie nalisindikiza kwa macho mpaka chini, halafu nasubiri lingine. Nikajiona nimevaa kofia pana, nyuma yangu wageni kumi na wawili, nawaonyesha twiga na twiga ananitazama kama tunafahamiana. Nikirudi kwenye skrini nakuta saa imekula dakika tisa. Nasoma swali, nabofya, narudi kwa twiga. Mwishoni nikatafuta pa kuandika jina, sikupaona. Nikasema labda wanajaza wenyewe.

Mambo ya kompyuta, hakuna kusubiri wiki sita, matokeo yanamulikwa ukutani palepale. La kwanza kabisa juu: Hamisi, themanini na mbili. Watu wakapiga makofi, nikapunga mkono. Kijana wa mbele yangu akageuka, "Braza, kumbe wewe ni kichwa." Nikainamisha shingo kidogo, kama wanavyofanya watu wenye vichwa. Na naapa, kwa dakika nzima niliamini, nikasema kumbe nikiota ndiyo nafikiri vizuri.

Halafu orodha ikashuka mpaka mwisho. Agripina, thelathini na moja.

Nikageuka nyuma. Mama hakulalamika. Alikunja kitenge chake, pindo kwa pindo, akamwambia binti aliyekaa jirani yake, "Basi, watoto wangu nimeshawaaga." Ndipo nikaelewa nani kajibu nini. Na niseme ukweli kwa kuwa nimeshaanza: sikusimama mara moja. Nilipima kwanza. Nilimwona twiga wangu pale, ananisubiri. Mama alipofika mlangoni ndiyo miguu ikanyanyuka yenyewe.

"Kaka msimamizi, zile themanini na mbili ni za yule mama. Mie ndiye thelathini na moja."

Chumba kizima kikacheka, kicheko kirefu kisichokwisha.

"Nilisema mara ngapi kila mtu akae kwenye jina lake?" akauliza.

"Hizo sikuhesabu."

Akatufutia matokeo sisi wawili, akaturudisha zamu ya mchana na maswali mapya, kila mtu na jina lake, mie nikitazama ukuta. Mama akapata sabini na tisa. Mie arobaini na saba, na wanachukua kuanzia hamsini.

"Braza, hapo kwenye tatu hakuna maongezi?"

Msimamizi akanionyesha kompyuta. "Ongea nayo."

Mama Agripina alinisubiri getini. Nilidhani ananisubiri kunitukana, nikajiandaa. Akanitazama tu, akasema, "Mwanangu, mwakani ukija kufanya tena, nitakuwepo humu ndani. Nitakushika mkono mpaka kwenye kiti chako."

Na mie nimeapa: nitashikwa. Mtu mzima wa miaka thelathini na sita, nitapelekwa kwenye kiti kama mtoto wa chekechea, na nitatulia hapohapo.