Oke ya Cassian

Mume wangu Cassian ana neno moja tu: oke. Sijui aliliokota wapi, maana shule aliiacha darasa la nne. Chakula tayari, oke. Migomba imeshikwa na mnyauko, oke. Mgombeze mpaka povu likutoke, atakujibu oke huku ananoa panga lake. Kuna siku nilitamani kumrushia mwiko! Lakini baba yangu alipofariki, Cassian alikaa nami chini kwenye nyasi, akanishika mkono, akasema, "Oke, oke," mpaka nikanyamaza.

Juzi shemeji Dastan, kaka yake, kaja kutoka Mwanza na mnunuzi. Anataka kibanja hiki chetu cha Nyaishozi kiuzwe. Ni cha urithi, hakiuzwi mpaka ndugu wote wawili wakubali mbele ya ukoo. Nanyi mnadhani Dastan alikuja kuomba? Alikuja kuchukua oke yake.

Jumapili baada ya ibada ukoo ukaketi sebuleni kwetu. Mimi mwanamke wa kuolewa sina neno pale. Kazi yangu ilikuwa kupitisha kikapu cha kahawa ya kutafuna. Nyuma ya nyumba, kwenye migomba, amelala binti yangu Vero. Nani angempalilia kaburi?

Mzee Yustus, mkubwa wa ukoo, akasema, "Cassian, kaka yako anataka tuuze. Kama umekubali, tafuna tumalize."

Dastan alishaanza kutabasamu. Anamjua mdogo wake.

Cassian akachukua buni mbili. Akazitazama kiganjani, kisha akazirudisha kikapuni.

"Sitafuni," akasema. "Vero yuko pale."

Dastan akasimama. "Baba alipokufa nani alikulea? Leo unaniaibisha mbele ya mgeni! Basi huna kaka. Hata nikifa, usije kunizika!"

Cassian alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Oke," akasema.

Dastan akatoka bila kuaga, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Mume wangu akabaki pale pale, machozi yanamchuruzika, hayafuti. Nikaweka kikapu chini, nikakaa karibu naye, nikamshika mkono.

"Oke, Baba Vero," nikamwambia. "Oke."