Mababu Saba wa Temirlan

Usiku ule Uulkan hakulala. Aliketi karibu na jiko la makaa, simu mapajani, akingoja neno la Salkyn, mama wa Begaiym, mchumba wa mwanawe Temirlan. Walisema watajibu kabla ya kulala kama arusi bado ipo. Saa nane ikapita, simu kimya.

Mwezi uliopita alikuwa amemvisha Begaiym hereni za uchumba kwa mikono yake mwenyewe. Kabla ya hapo wazee wa pande mbili walitaja mababu saba, kila upande wa kwake, na hakuna jina lililogongana. Wenye babu mmoja ndani ya hao saba hawaoani.

Kisha Temirlan, huko Bishkek anakofanya kazi, akatema mate katika kichupa na kuyatuma kwa kampuni ya mtandaoni inayotafuta nasaba. Alitaka kutundika mti wa ukoo ukutani siku ya arusi. Jibu likaja: kaka yake Begaiym, aliyetuma mate yake mwaka juzi, ni ndugu wa damu wa Temirlan, wa babu mmoja vizazi vinne nyuma. Kaka mtu naye akatumiwa habari hiyohiyo.

"Mate ni yako, mwanangu," Uulkan alimwambia kwenye simu. "Damu je? Ulimwomba nani ruhusa?"

"Nilibonyeza pale palipoandikwa nakubali, mama. Kila mtu anabonyeza."

"Kwa kubonyeza huko ungetuuza sote, na ng'ombe juu."

Lakini mwenye siri alikuwa yeye. Mama mkwe wake, akikata roho, alimwambia kwamba baba wa Jumabek, mume wa Uulkan, aliletwa akiwa mchanga kutoka ng'ambo ya mlima, amefungwa katika ngozi ya kondoo, akatolewa kwa mume na mke wasio na mtoto. Mtoto wa kupewa haambiwi, wala wanawe. Uulkan akanyamaza miaka ishirini. Hata siku ya kutaja majina alinyamaza.

Jana ndipo alipomwambia Jumabek.

"Sasa hao mababu ninaowasomea dua kila Ijumaa ni akina nani?"

"Ndio waliomlea baba yako."

Shehe alipoulizwa alisema dini haikatazi kumwoa binti huyo. Inachokataza ni kumwita mtu kwa baba asiye wake.

"Dini inaruhusu, ukoo unakataza," Jumabek alisema, "na simu inatucheka."

Kulipokucha Uulkan alikwenda mwenyewe kwa Salkyn. Moshi ulitoka dohani. Viatu vilijaa barazani, vya wajomba na vya baba wadogo. Akabisha.

"Salkyn, ni mimi. Kosa ni langu. Msiwaadhibu watoto."

Sauti zilikatika ndani. Salkyn akasogea mlangoni, hakufungua.

"Dada Uulkan, siku ya majina ulikaa nasi. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua baba mkwe ni mtoto wa kupewa, wa kutoka ng'ambo ya mlima. Sikujua alitoka kwa nani."

"Ungesema, tungeuliza. Watu wa ng'ambo ya mlima ndio sisi."

Uulkan hakulia, alishangaa kidogo kwamba halii. Ndani, Begaiym alisema neno moja, akanyamazishwa. Kisha komeo likatiwa taratibu, kama mtu anayechelea kuamsha mgonjwa, na mlango ukabaki umefungwa.