Kiganja Ambacho Sikukitazama

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua nyepesi, nilipokuwa karani kijana katika biro ya kuandikisha vizazi na vifo hapa Kalemie. Aliingia mama mmoja wa Moba. Nitamwita Mama Feza, kwa kuwa jina lake halisi si langu kulitangaza. Siku nne kabla, boti aliyopanda pamoja na binti yake Riziki, mwenye miaka tisa, ilijaa maji karibu na bandari. Mama aliokolewa, mtoto hakuonekana tena. Kwa kuwa hapakuwa na mwili, jina la Riziki lingeingia katika kitabu cha vifo kwa ushahidi wa mama peke yake. Bila jina hilo, ukoo wa mume ulikataa kukaa kilio. Walidai mtoto amefichwa kwa wajomba zake.

Mwanangu, nilikuwa na utaratibu wangu, nao nilijivunia. Kila shahidi nilimtaka asimulie mara tatu, kisha nikalinganisha, na palipotofautiana nikapiga mstari mwekundu. Mara ya kwanza Mama Feza alisema alimshika mtoto kwa mkono wa kuume na kamba ya boti kwa wa kushoto. Mara ya pili akageuza. Gauni la mtoto lilikuwa la kijani, halafu likawa la njano. Saa hakuijua kabisa. Lakini kamba aliieleza kana kwamba iko mezani: nailoni ya buluu, mafundo matatu, moja limeunguzwa kwa moto. Nikaona hapo ndipo uongo ulipojifichua. Ajuaye fundo la kamba, vipi asijue mkono uliomshika mwanawe?

“Mama,” nikamuuliza, “kweli ulimushika huyu mutoto?”

“Nilimushika, Papa,” akajibu, kwa sauti ya mtu anayejiuliza.

Nikaandika: maelezo hayaaminiki. Akajifunga kitenge chake, akatoka.

Mchana ule mkubwa wetu wa biro, Papa Kalunga, alisoma faili. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniuliza mikono ya yule mama ilikuwaje, nikasema sikumbuki.

“Si alikaa mbele yako saa nzima?”

“Ndiyo, Papa.”

“Mimi nilipishana naye mulangoni tu. Kiganja cha kuume kimechunika chote, kamba njo ilikikula. Sasa mutoto alikuwa mukono gani?”

Nikafungua faili, nikautazama mstari wangu.

“Weye haukuwa unazama. Ulikaa kwenye kiti, na bado uliona mustari mwekundu tu. Yeye alikuwa anakufa, na unataka akuambie rangi ya gauni?”

Nilikimbia hadi mahali malori ya Moba yanapopakia, maana nilijua hatapanda boti tena. Lori lake lilikuwa limekwisha kuondoka. Nikarudi, nikafuta hukumu yangu kwa maandishi, nikatia sahihi, nikaliingiza jina la Riziki kitabuni, nikampa dereva wa lori jingine la Moba hati na barua ya kuomba radhi. Baada ya majuma kadhaa dereva aliniletea jibu la mdomo: “Mwambie Papa wa biro asante, kilio tumekaa. Lakini mimi mwenyewe siyui tena kama nilimushika.”

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilimwandikia mara ya pili, nikamweleza habari ya kiganja chake. Barua hiyo haikujibiwa. Nakala ninayo mpaka leo.

Binti yangu, muuguzi wa wenye maradhi ya akili, ndiye aliyenifafanulia niliyoyatenda. Hofu kuu, asema, huukaza ubongo juu ya kitu kimoja, kile kilichobeba uhai, na mengine hupita bila kushikwa. Tena kumbukumbu si faili iliyofungwa kabatini. Kila inapotolewa hulainika kama udongo mbichi, na kidole cha anayeuliza huacha alama. Alama yangu ilikuwa ile “kweli.”

Ndiyo maana hukasirika, wala sioni haya kukasirika, ninapowaona vijana wa leo wenye beji shingoni wakiwaketisha watu waliokimbia vita na kuwahoji mara tatu, kisha wakinong’onezana: huyu anadanganya, jana alisema washambuliaji wanne, leo watano. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Anayesimulia baya lililompata, mtazame kwanza, kisha ndipo uandike. Tofauti ndogo usiigeuze hatia. Muulize “ikawaje,” usimuulize “kweli.” Usiposadiki, nenda ukatafute ushahidi wewe mwenyewe, usimtwishe mfiwa mashaka yako, kwani ataondoka nayo, na hakuna barua itakayomtua mzigo huo.

Mungu akupe subira unapokalia kiti cha kuuliza. Na siku ikikufikia ya kuulizwa wewe, akukutanishe na mtu mwenye huruma. Uende kwa amani.